Mteja asigeuzwe teja

Lugha yetu ina hila moja ambayo kila mwalimu wa Kiswahili huifundisha na kisha kuisahau. Ukitaka kumtweza mtu, mvue kiambishi. Mtoto huwa toto, mzee huwa zee, mlevi huwa levi. Hutolewa katika ngeli ya A-WA na kutiwa katika ngeli ya LI-YA, yalimo mawe na majembe, kisha tukasema "levi lile limelala mtaroni" bila ya dhamiri kutusuta.

Ndivyo lilivyozaliwa neno teja. Katika mitaa ya Mombasa, Malindi na Nairobi, na hata ng'ambo ya mpaka huko Dar es Salaam na Unguja, kijana aliyenaswa na heroini huitwa hivyo, na wenzake huitwa mateja. Asili yake ni mteja, yaani mnunuzi. Muuza unga alikuwa na wateja wake, nasi tukawavua kiambishi. Ajabu ni kwamba katika kliniki za methadoni, ambazo nchini Kenya zilianza Mathari mnamo Desemba 2014 na kufika Malindi mwaka uliofuata, wahudumu huwaita watu hao hao wateja. Mtu mmoja, majina mawili, na tofauti yake ni sauti moja ya midomo.

Nimeanza na sarufi kwa sababu ndiyo kazi yangu, na sina ujuzi wa tiba. Hata hivyo, nina jambo la kusema kuhusu wahudumu ambao umma hauwajui: wataalamu wa uraibu wanaofanya kazi ndani ya vikosi vya afya ya akili katika jamii. Kaunti zilizo nao ni chache, na hao wachache aghalabu hufanyishwa kazi nyingine. Nadai kwamba kila kaunti inawahitaji, na kwamba mahali pao ni ndani ya kikosi chenyewe, karibu na muuguzi wa maradhi ya akili na afisa wa jamii, wala si katika ofisi ya mbali yenye kibao chake na mlango wake.

Nitaeleza nilivyofikia rai hiyo, ingawa maelezo yenyewe hayanipambi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye alikuwa na sikio la fonolojia nisiloliona mara nyingi. Angeweza kukusikiliza ukisema sentensi tatu akakuambia mama yako alitoka wapi. Muhula wa pili akaanza kukosa vipindi. Alipokuja, alinuka pombe saa tatu za asubuhi. Siku moja katikati ya mhadhara akajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, akiwa ameelekea dirishani. Darasa likacheka. Nami, nasikitika kusema, nilitabasamu.

Idara ilipotaka ripoti ya nidhamu, niliijaza kwa maneno mawili: "Mlevi. Mtoro." Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili hayakueleza lolote. Akarudishwa nyumbani.

Yaliyofuata niliyasimuliwa baadaye na mama yake. Hospitali moja ilimlaza siku kumi, ikamtuliza sauti alizokuwa akizisikia, ikamtoa na karatasi iliyomwamuru aache pombe. Hakuambiwa aiache vipi. Mama akampeleka katika kituo cha kurekebishia walevi. Huko akaambiwa kwamba kijana anayesema na kuta hawezi kupokewa mpaka atibiwe akili kwanza. Akarudi hospitalini. Hospitali ikamwambia kwamba shida ya mwanawe sasa ni pombe. Mama huyo, muuza mboga, alitumia mtaji wake wote kwa nauli kati ya milango miwili, na kila mlango ulimwelekeza kwenye mwenzake.

Ikumbukwe kwamba kisa hiki si cha bahati mbaya ya mtu mmoja. Tumeyapanga mambo hivyo. Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ambayo ndiyo inayoidhinisha vituo vya kurekebishia waraibu, iko chini ya wizara inayoshughulikia usalama wa ndani. Maradhi ya akili yako chini ya wizara ya afya, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mgonjwa mwenye maradhi yote mawili amegawanywa: sauti zake ni za daktari, chupa yake ni ya askari. Ilhali Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 imekwisha kuwaunganisha. Inamhesabu mtu mwenye tatizo la pombe au dawa za kulevya miongoni mwa wenye maradhi ya akili, na inazitwika serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizo katika jamii. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuitembeza kijijini.

Mtu huyo nilikutana naye siku moja ofisini mwangu. Alikuwa muuguzi wa makamo, aliyesomea ushauri wa waraibu, na alikuwa amepanda matatu mbili kuja kuniuliza juu ya mwanafunzi niliyekwisha kumsahau. Alikuwa akimtembelea nyumbani kila Alhamisi.

"Mwalimu," aliniuliza, "kijana huyu alianza lipi? Kunywa au kusikia?"

Nikamwambia, "Sista, mimi niliona chupa tu."

"Basi wewe na hospitali mliona kitu kimoja," akajibu, bila ya ukali wowote.

Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko nilivyodhani. Pombe nyingi huweza kumfanya mtu asikie sauti, na hata kuiacha ghafla huweza kumfanya azisikie. Kwa upande mwingine, mtu anayesikia sauti kwanza huweza kuikimbilia pombe ili zinyamaze. Tiba za wawili hao hazilingani. Ili kuwatofautisha hakuna budi kuijua historia kutoka kwa mama, jirani na mwalimu, kisha kumtazama mgonjwa kwa wiki kadhaa akiwa hajanywa. Hakuna daktari wa hospitali kuu, mwenye foleni ya watu mia mlangoni, atakayeifanya kazi hiyo. Huifanya mtu anayejua njia ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa.

Isitoshe, mtaalamu huyu anajua hatari ambazo sisi wengine tunazitenda kwa nia njema. Wazazi wengi humfungia mlevi chumbani ili aache. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatizwa ghafla huweza kutetemeka, kupata kifafa katika siku mbili za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa vibaya kuanzia siku ya pili au ya tatu, na wengine hufa. Anahitaji dawa, maji na vitamini, wala si kufuli. Heroini ni kinyume chake. Arosto, kama vijana wanavyoyaita mateso ya kuikosa, humtesa mtu kupita kiasi lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Mauti humsubiri anapotoka jela au kituoni baada ya miezi kadhaa, akarudia kipimo chake cha zamani na mwili umeshakisahau. Anayeijua tofauti hiyo huenda kumpokea mfungwa langoni siku ya kuachiliwa.

Na methadoni yenyewe, ambayo baadhi ya wahubiri na wanasiasa wetu huiita unga wa serikali, inataka mtu wa kuifuata nyuma. Mteja huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Kipimo huanza kidogo na kupandishwa polepole. Akipata kifua kikuu na kuanzishwa rifampisini, dawa hiyo huipunguza nguvu methadoni mwilini, arosto humrudia, naye huonekana mwongo anapolalamika. Mtu wa kikosi anayemjua ndiye atakayemwambia daktari kwamba hadanganyi.

Lakini kilichonivuta zaidi ni jinsi Sista yule anavyouliza maswali. Sisi walimu swali letu la kwanza kwa mwanafunzi mlevi ni "Kwa nini unakunywa?" Kwa umbo ni swali, kwa matumizi ni shtaka, na mshtakiwa hujitetea. Sista alimwuliza kijana wangu, "Pombe hukusaidia nini?" Hiyo hu- ya mazoea ilifanya kazi ambayo mihadhara yangu haijapata kuifanya. Kijana akamwambia kwamba usiku sauti hupungua akinywa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu yeyote.

Mbinu hii ina nasaba yake. Mwanasaikolojia Mmarekani William Miller aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1983, kisha mwaka 1991 akatoa kitabu pamoja na Stephen Rollnick. Kiini chake ni kwamba mshauri asimsukume mraibu, bali asikilize sababu za kuacha zinazotoka kinywani mwake mwenyewe, azishike na kumrudishia. Kwa anayesema Kiswahili, mabadiliko hayo husikika katika kitenzi. Mwezi wa kwanza kijana alisema "ningeacha". Baadaye akasema "nataka kuacha". Siku aliposema "nitaacha kunywa Jumapili", Sista aliandika sentensi nzima katika daftari lake, na tarehe. Nimefundisha mofolojia kwa miaka mingi bila ya kuona kiambishi cha wakati kikingojewa kwa hamu namna hiyo.

Alikuwa na shida moja aliyotaka nimsaidie. Hojaji ya maswali kumi iliyotayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani kupima hatari ya unywaji huuliza ni vinywaji vingapi mtu hunywa kwa siku. Kinywaji kipi? Mnazi wa Pwani hunywewa kwa mrija kutoka kibuyuni. Busaa ya Magharibi huzungukwa na wazee kwa chungu kimoja na mirija mirefu, na hakuna ajuaye nani kavuta kiasi gani. Chang'aa hupimwa kwa glasi ya mwenye nyumba, na nguvu yake siku hii si ya siku ile. Tuliketi naye jioni mbili tukitafuta maneno. Mwishowe tuliafikiana kwamba aulize pesa: "Siku ya kunywa, hutoa shilingi ngapi?" Kila mtu alilijua jibu, hasa wake zao.

Najua litakaloulizwa: kaunti zitapata wapi fedha za kuajiri watu kama hawa? Hilo ni swali la haki, nami sitalipuuza. Ila naona kwamba hatukosi nguvu tunapotaka kupiga marufuku. Mnamo Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi katika Kaunti ya Kirinyaga, na serikali ikatangaza hatua nyingi za kufunga, kukagua na kushtaki. Mei mwaka huo huo Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikapiga vita muguka, wakulima wa Embu wakalalamika, na mahakama ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda. Kurasa za magazeti zilijaa. Katika kelele zote hizo sikusoma mahali ambapo mtu aliuliza: kijana anayetafuna muguka tangu alfajiri, halali usiku, na sasa anaamini kwamba jirani anamfuatia, nani atakwenda kwake kesho? Marufuku ikishinda au ikishindwa, kijana yuko pale pale.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Hao hawawezi kutibu uraibu, wala wasidanganywe kwamba wanaweza. Wanachoweza ni kuona, na kumpigia simu anayejua. Mtaalamu mmoja katika kila kaunti ndogo, mwenye pikipiki na muda wa simu, angewafaa zaidi kuliko warsha tano hotelini.

Nanyi walimu wenzangu wa shule za upili, mna walimu wa ushauri nasaha ambao wengi wao walipewa wadhifa huo kwa sababu ni wapole. Msiwaachie mzigo huu peke yao. Mwulizeni mkurugenzi wa afya wa kaunti yenu jina la mtu wa kupelekewa mwanafunzi kabla barua ya kumfukuza haijapigwa chapa. Akikosa jina la kuwapa, mwandikieni, na nakala mwakilishi wa wadi.

Wanafunzi nao mniwie radhi nikisema kwamba kicheko cha darasani kina sehemu yake. Nami nilikuwa humo.

Kijana wangu anakunywa dawa zake. Pombe ameirudia mara mbili, na mara zote mbili alimpigia Sista simu mwenyewe kabla ya mama yake kujua. Mwaka huu ameomba kurejea chuoni, na kamati imeniletea fomu ile ile niliyoijaza zamani. Nafasi ya maoni ya mhadhiri ni mistari miwili. Nimemwuliza Sista niandike nini, akanijibu kwamba niandike niliyoyaona kwa macho yangu, na tarehe. Nimeomba karatasi ya ziada.