Mnamwita Mbahatishaji

Mashine ya koili ikilainisha maganda ya risasi huko Marekani, mnasema sayansi. Mhunzi wa Handeni au Korogwe akipasha chuma, mnasema anabahatisha. Kwa lipi?

Shaba ikigongwagongwa huwa ngumu, mwisho hupasuka. Ganda la risasi linalojazwa tena na tena hupasuka vivyo hivyo, shingoni. Dawa yake ni moto: fuwele za metali hujijenga upya, shaba ikalainika. Mashine hutumia mkondo geu wa umeme, kazi ya sekunde chache. Mhunzi ana mkaa, mivukuto na jicho linalosoma rangi. Kanuni ni ileile. Tena anajua yale ambayo wengi wetu tuliyakariri tu kwa ajili ya mtihani: panga likizamishwa majini lingali jekundu huwa gumu, lakini shaba hubaki laini.

Najua mtanijibu: magobore. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakataza kuunda silaha bila leseni, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ila mikono hiyohiyo hufua majembe. Gobore likishakamatwa, nani humuuliza mzee habari za moto wake? Vyuo vyetu vingemtaka kwanza alete cheti.