*TAMKO LA TAWI: ANAKI SI FUJO*



Wiki hii humu kundini mwenzetu aliuliza kwa nini michango ya mashina inapelekwa tawini kabla mashina hayajaamua matumizi yake. Akajibiwa kwamba analeta "anaki". Tumeona tulifafanue neno hili, maana anayenyamazishwa humu, kesho atanyamaza na kikaoni.

Anaki ina asili ya Kigiriki: bila mtawala. Mfaransa Proudhon alijiita mwana-anaki mwaka 1840. Mrusi Kropotkin akachapisha kitabu mwaka 1902 kuonesha kuwa viumbe huishi pia kwa kusaidiana, si kwa kushindana tu. Hoja yao: watu wanaweza kupanga mambo yao kwa makubaliano, bila amri ya mkubwa. Sisi ni chama cha siasa, tunatafuta dola kwa kura, kwa hiyo hapo tunaachana nao. Lakini swali lao ni halali: anayeamuru amepewa na nani, na kwa faida ya nani?

Nchi yetu imeshalipitia swali hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakulima wa Songea, kuanzia Litowa, walijenga vijiji vyao wenyewe, vikaungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma (RDA). Hawakujiita wana-anaki. Walilima pamoja, wakaamua pamoja, wakaendesha shule yao. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Miaka michache baadaye watu nchi nzima walihamishiwa vijijini kwa amri. Unaweza kumhamisha mtu kwa amri. Kumpa moyo wa kujitolea huwezi.

Igamba tunalijua hilo. Jirani akifiwa, hakuna anayesubiri barua ya mtendaji ndipo akachimbe kaburi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Mapato na matumizi yasomwe mwanzo wa kila kikao cha tawi.
2. Michango ijadiliwe shinani kwanza.
3. Anayeuliza ajibiwe kwa hesabu, asipewe jina.

Haya ni mapendekezo, si maagizo. Yajadilini mashinani, mtuletee majibu, hata kama ni ya kutukataa.

_Kamati ya Tawi, Igamba, Mbozi_