Sura Isiyo Jina

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo aghlabu hutajwa madukani na penye mirathi, lakini leo pahala pake hasa ni katika biashara na utafiti wa picha za kale za studio, zile zilizogandishwa juu ya kadi nene na kupigwa Unguja, Mombasa na Lamu tangu karne ya 19. Picha hizo zinakusanywa kwa bidii kubwa. Zinanunuliwa, zinachapwa upya, zinatundikwa mahotelini, zinahifadhiwa katika vyuo vya ng'ambo. Kila jambo lake huandikwa isipokuwa moja, nalo ni jina la aliyepigwa.

Na ichukuliwe picha moja ya namna hiyo, kwani zipo nyingi zifananazo. Mwanamke amesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na bustani. Mkono wake mmoja umeegemea kiti cha kuchongwa. Amevaa kanzu na suruali ya marinda, kidani kiko shingoni, na macho yake yanamtazama mpiga picha bila ya kuinama. Chini yake imeandikwa: "Mwanamke wa Kiswahili, Zanzibar, takriban 1900." Katika maneno hayo yote lililo yakini ni mji tu. Mwaka umekisiwa. Uswahili wake umebandikwa na mtu ambaye hakumuuliza. Bei ndiyo iliyofikiriwa kuliko vyote, nayo haikuandikwa hapo.

Ukusanyaji wa namna hii, unaookoa karatasi ukaliacha jina, hauwezi kuitwa uhifadhi. Umeokoa nusu, na nusu uliyoiacha haipatikani katika duka lolote.

Kosa halikuwa la kamera. Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa Paris mwaka 1839 na haikuchelewa kufika pwani. Charles Guillain, nahodha wa Kifaransa, alipita huku baina ya 1846 na 1848 akiwa na vyombo vya kupigia picha, na mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja. Hao walikuwa wapita njia, waliopiga walichotaka wao. Studio zilileta jambo jengine. A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord, wote watu wa asili ya Goa, walifanya kazi hiyo Mji Mkongwe katika siku ambazo karne ya 19 ilikuwa ikipokezana na ya 20. Hapo mtu aliingia kwa miguu yake, akalipa, akachagua kukaa au kusimama, akavaa alichotaka kuonekana nacho, kisha akarudi siku nyengine kuchukua kadi yake. Mteja wa namna hiyo ana jina, maana ndilo alilorudi nalo.

Jina lilipotea sokoni. Kioo kile kile kilichotoa picha ya mteja kiliweza kutoa nyengine mia za kuuziwa abiria wa meli. Kadi za posta ziliposhamiri mwanzoni mwa karne ya 20, picha za studio ziligeuzwa kadi, na kila kadi ikahitaji maneno ambayo mnunuzi atayafahamu. Mtu wa Marseille au Hamburg hakuwa na haja ya kujua jina la binti wa Malindi ya Unguja au la mama wa Ng'ambo. Alitaka kuoneshwa aina za watu, kama aoneshwavyo aina za ndege. Basi mwenye wazazi, majirani na madeni yake akawa "Mswahili", "Mngazija" au "suria". Wengine walisimamishwa mbele ya kamera kwa ajili ya kadi tu, na picha hiyo haikuwa yao hata siku moja. Mkusanyaji wa leo anayeyanakili maneno hayo kama yalivyo, akayaita maelezo ya picha, anaiendeleza biashara ile ile, japo hana meli anayoisubiri bandarini.

Nguvu ya jina inadhihirika katika picha ya Sayyida Salme binti Said. Picha hiyo, aliyopigwa akiwa katika mavazi ya kifalme ya Unguja, imechapishwa mara nyingi, na wengi waionao hudhani ilipigwa kasrini. Ilipigwa Hamburg, baada ya mwenyewe kuondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Kwa kuwa jina lake linajulikana, na kwa kuwa kumbukumbu zake alizoziandika zilichapishwa mwaka 1886, picha yake inasomeka sawasawa: ni mwanamke aliye mbali na kwao, aliyevaa nguo za kwao mbele ya mpiga picha wa kigeni, katika mji wa baridi. Jina hilo likiondolewa, picha inageuka kuwa ya binti wa Kiarabu katika nyumba ya baba yake. Huo ni uwongo mtupu, na atazamaye nguo peke yake asingeweza kuugundua. Wangapi wengine wamesomwa hivyo, na hawakuandika kitabu cha kuwasemea?

Watafiti wa picha wana elimu yao, na haifai kuidharau. Wanaijua kadi ndogo iliyosajiliwa na Disdéri mjini Paris mwaka 1854, yenye upana wa kiasi cha sentimita 6 na urefu wa 10. Wanaijua kadi kubwa ya kabineti iliyoifuata katika miaka ya 1860, ya kiasi cha sentimita 11 kwa 17. Wanaitambua karatasi iliyopakwa ute wa yai kwa umanjano wake. Hulilinganisha pazia la picha hii na la ile, wakajua kuwa zote mbili zimetoka chumba kimoja. Elimu hiyo ni njema, lakini inaeleza karatasi ilivyotengenezwa. Haielezi ni nani aliyekaa kitini, na kila inapolazimishwa kueleza, hupotosha.

Muhuri wa posta, kwa mfano, unatoa habari ya siku kadi ilipotumwa, wala hausemi picha ilipigwa lini. Kioo cha miaka ya 1890 kiliweza kutoa kadi miaka mingi baadaye. Nguo nazo si shahidi wa kuaminiwa peke yake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika miaka iliyofuata watu waliokuwa wamenyimwa vazi la heshima walilivaa kwa makusudi: kanga, kanzu, kofia, hata viatu. Baadhi ya nguo zilikuwa za kuazima, na studio nyengine ziliweka vitu vya kumpamba mteja. Basi mtafiti aonaye kaniki akaandika "mtumwa", kisha akaona kidani akaandika "mke wa tajiri", huenda amemwona mtu mmoja katika siku mbili.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kwenda mbali kutafuta njia iliyo bora. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake mengi yangefuata kaburini wale walioyasikia, lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa watu miongo kadhaa baadaye na kumpa William Taylor. Hakuyatoa matupu. Alieleza neno hili lina maana gani, shairi lile lilimjibu nani, na lipi lilitungwa katika ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said. William Hichens alipoyatoa kitabuni mwaka 1940, msomaji alikuwa na pa kushika. Taylor angechukua beti akamwacha Mwalimu Sikujua, Muyaka leo angekuwa fumbo lisilo mfumbuzi. Picha za studio zimepata akina Taylor wengi. Akina Sikujua wapo vibarazani na vyumbani, hawajaulizwa.

Pwani hii, zaidi ya hayo, ina ada ya kale ya kutia jina. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho, na wanakili wa miswada walizoea kutaja mkono ulioandika na siku iliyomalizika kazi. Ni ajabu kwamba watu wenye ada hiyo wanaridhika bibi zao waitwe "mwanamke".

Wakusanyaji wana jibu lao, nalo lina uzito. Wanasema kwamba bila wao picha hizi zingeliwa na mchwa, zingeoza kwa unyevu, zingetupwa jaani nyumba zinapouzwa. Ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi walihama Unguja. Albamu nyengine ziliwafuata wenyewe hadi Muscat, Dar es Salaam na London, na nyengine zilibaki nyuma bila ya mtu wa kuzijua. Mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, umo katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani tangu 2002, na unaweza kutazamwa kwa intaneti. Huo ni wema usiopaswa kukanushwa. Wala lawama haimwangukii mgeni pekee. Mjukuu auzaye albamu ya bibi yake bila kwanza kumwendea ndugu wa bibi huyo na kumwuliza "Huyu nani?" ametoa jina bure na kuchukua fedha ya karatasi. Mwenye hoteli atundikaye mama wa watu kwenye korido ya msalani ni mwenyeji aghlabu, na angechukia mama yake kutundikwa hapo.

Wapo pia wasemao kuwa majina yaachwe yalale kwa ajili ya sitara. Wana haki ya kusikilizwa. Mombasa na Lamu picha ya mwanamke ilikuwa kitu cha ndani, ya kuonwa na mume, ndugu na mashoga, kisha ikarudishwa sandukuni. Tena jina huweza kufufua nasaba ambayo ukoo umechagua kuinyamazia, hasa pale penye habari za utumwa. Lakini sitara hiyo imegeuzwa kichwa chini. Jina limefichwa na uso umetangazwa, ilhali uso ndio uliokuwa na sitara ya kwanza. Jina linaweza kuandikwa daftarini lisisomwe hadharani. Uso uliokwisha kutundikwa ukumbini haurudi sandukuni. Na lililo zito kuliko yote ni hili: asiye na jina hana jamaa wa kuombwa ruhusa. Kila aliyeachwa bila ya jina amewekwa huru kwa mnunuzi yeyote, na huenda hiyo ndiyo sababu soko halina haraka ya kumtafutia jina.

Wakati nao hausubiri. Bei kubwa huenda kwa picha za kale zaidi, za karne ya 19, ambazo majina yake mengi yamekwisha kuzikwa. Zile ambazo bado zaweza kupata majina zinapitwa kwa kuwa hazina thamani sokoni. Studio ya Ranchhod Oza, Capital Art, ilifunguliwa Unguja mwaka 1930. Ile ya Parekh ilifunguliwa Mombasa katika miaka ya 1940. Omar Said Bakor wa Lamu, katika miaka ya 1960 na baadaye, alikata na kuunganisha picha za watu wa mji wake kwa ustadi wake mwenyewe. Msichana wa miaka 18 aliyekaa mbele ya kamera mwaka 1955 leo anakaribia miaka 90. Yupo bado, au yupo mdogo wake. Baada ya miaka kumi atakuwa "Mwanamke wa Kiswahili, takriban 1955", na wataalamu watakuja kulipima pazia lililo nyuma yake.

Kazi yenyewe haina ugumu wala gharama kubwa. Ichukuliwe nakala, picha ya asili ibaki na mwenyewe. Wanawake wakae na wanawake. Waulizwe watu watatu mbali mbali, kwani kumbukumbu huteleza. Liandikwe jina, na aliyelitaja, na siku aliyolitaja, na shaka ikiwapo iandikwe kuwa ni shaka. Iandikwe picha ilikotoka na mikono iliyoipitia. Penseli laini itumike, juu ya bahasha, si kalamu ya wino juu ya picha. Nyuma ya kadi pahifadhiwe kama mbele. Wala picha isitundikwe pa watu wengi kabla ya wenyewe kuulizwa.

Na pale ambapo jina limetafutwa likakosekana, yaandikwe maneno mawili ya kweli: "Jina halijajulikana." Maneno hayo yanakiri kuwa kuna deni. "Mwanamke wa Kiswahili" yanajidai kuwa deni limelipwa, na yule aliyesimama mkono juu ya kiti, bila ya kuinamisha macho, bado anadai.