Taa ya Jiko Lenye Paa Refu

Barua iliyotufikia juma hili imetoka Malaba, upande wa Busia, kwa mama ambaye nyumba yake mpya imemletea fahari na taabu kwa pamoja. Jiko lake limejengwa kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa mabati, wala halikutiwa dari. Ukiinua macho waziona kenchi zote na boriti zake, na kilele cha paa ki futi 16 juu ya sakafu. Majirani huliita jiko hilo kanisa. Fundi alitundika balbu moja tu, huko juu kabisa penye kilele. Mchana jiko hupendeza, asema mama huyu, lakini usiku hukata mboga ndani ya kivuli chake mwenyewe, na mwezi uliopita mwanawe mdogo aliungua mguu kwa uji kwa kuwa hakuna aliyemwona akilisogelea meko. Bwana wa nyumba ashauri inunuliwe balbu kubwa zaidi. Mama mkwe ataka dari ipigwe. Mwandishi atuuliza amsikilize nani.

Kwa heshima yote tuliyo nayo kwa mume na kwa mama mkwe, tungependa taa ile ile ishushwe kwanza.

Sababu yake ni hii. Mwanga hupungua upesi kuliko watu wengi wadhaniavyo. Ukiongeza maradufu umbali ulio baina ya taa na meza, mwanga uifikiao meza hauwi nusu, bali robo. Meza ya mama huyu ina kimo cha futi 3, kwa hiyo balbu iko futi 13 juu yake. Ikishushwa kwa waya mpaka ibaki futi 4 juu ya meza, balbu hiyo hiyo, bila kuongezwa hata wati moja, itaimulika meza zaidi ya mara kumi ya ilivyokuwa. Balbu kubwa ingekula fedha za umeme kila mwezi na bado isingefika hapo. Tena isingeondoa kivuli, maana mpishi angeendelea kusimama baina ya taa na kisu chake.

Ama dari, tunasihi isipigwe. Mama huyu hupikia kuni na makaa, na paa refu ndilo limpalo nafasi ya kupumua. Moshi na joto hupanda, hukaa juu ya vichwa vya watu, kisha hutokea penye matundu ya kuta za kilele. Dari ya futi 8 ingeurudisha moshi huo machoni na vifuani, pamoja na ile hewa ya sumu itokayo katika makaa, ambayo haina rangi wala harufu. Wazee wetu waliojenga majiko ya nyasi yenye paa lililochongoka walilijua jambo hili bila kufundishwa na mtu.

Basi taa zitundikwe wapi? Jiko la namna hii lina neema moja ambayo majiko yenye dari hayana, nayo ni zile boriti zilizolala kutoka ukuta hadi ukuta. Taa moja ining'inizwe juu ya meza ya kukatia, mbele kidogo ya mahali asimamapo mpishi, ili kivuli kianguke nyuma yake. Ya pili iwe kando ya meko, mkono mmoja au zaidi kutoka yalipo, isichemke kwa mvuke wala kurukiwa na mafuta. Zote mbili ziwe chini ya boriti. Taa iliyo juu ya boriti huchora michirizi ya kivuli sakafuni, na katika michirizi hiyo ndimo mtoto hupotea asionekane. Mahali pa kupita watu pasining'inizwe taa, la sivyo kila mgeni mrefu ataondoka na uvimbe kipajini.

Balbu mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwani kivuli ambacho hii hukitupa ile hukifuta. Balbu za kisasa, zile ziitwazo LED, hutoa kwa wati 8 au 9 mwanga uliotolewa na balbu ya kale ya wati 60. Mama wa Malaba anaweza kuzinunua upande wowote wa mpaka, maana Kenya na Uganda hutumia umeme wa volti 240, na plagi zao ni za namna moja. Si ajabu, kwani bwawa la Owen Falls huko Jinja, liitwalo sasa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954 halikuwa la Uganda peke yake. Kwa miaka mingi umeme wake ulisafirishwa kwa njia ya Tororo hadi Kenya, ukipita juu ya vijiji vilivyokuwa vikipika kwa koroboi.

Kazi ya nyaya aachiwe fundi mwenye leseni. Hata hivyo mwenye nyumba asimame amtazame. Nyaya zipitishwe ndani ya bomba la plastiki lililofungwa kando ya boriti, kwa sababu panya hupenda sana kutembea juu ya boriti na hutafuna kila wanachokikuta. Uzito wa taa ubebwe na ndoano na mnyororo mwembamba, wala usining'inie kwenye maungio ya nyaya. Cheche moja katika mti uliokaushwa na moshi yatosha kuteketeza nyumba nzima.

Kuta nazo zisaidie. Masizi humeza karibu mwanga wote yanayoupata, lakini chokaa nyeupe hurudisha zaidi ya nusu yake. Kuta zipakwe chokaa kila mwaka, hasa ule ulio nyuma ya meko. Boriti tungeziacha na weusi wake. Moshi huwafukuza wadudu watoboao miti, na mtu akizimulika kutoka chini, kama wafanyavyo wenye nyumba za fahari katika picha za Ulaya na Marekani, atakuwa amenunua umeme wa kutazama buibui.

Kwa mchana, bati moja lipitishalo mwanga latosha. Liwe na migongo sawa na mabati mengine ili lisivuje wakati wa masika, na lisikae juu ya meko, ambapo moshi utalitia umanjano upesi. Malaba iko chini ya nyuzi moja kaskazini mwa Ikweta, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Lakini afadhali bati hilo liwe upande wa mashariki, lipate jua la chai ya asubuhi, kuliko magharibi, ambako alasiri litageuza jiko kuwa tanuri.

Umeme hukatika, na usiku huingia Malaba karibu saa ile ile mwaka mzima, wakati chakula cha jioni kingali motoni. Hapo itumike taa ya jua, ile ndogo ya kuchajiwa mchana, itundikwe kwenye ndoano ya boriti. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya mahali anapokaa mama huyu. Barabarani kuna magari ya mafuta usiku na mchana, na mafuta ya kufyonzwa huuzwa kwa bei ya kuvutia. Mafuta safi ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi kali ya barafu. Petroli kidogo ikichanganywa humo, kandili hulipuka mkononi. Asiyejua mafuta yametoka wapi asiyatie katika taa.

Mama huyu ameuliza pia kama swichi iwekwe karibu na meko ili asitembee gizani. La, iwekwe kando ya mlango, kwa kimo cha bega, mahali ambapo mkono utaifikia kabla mguu haujaingia ndani.