DAWA YA MALARIA NA DAWA YA TANSIO: UZITAJE ZOTE MBILI



Wengi wetu tunameza kila siku dawa ya tansio au ya moyo. Zile ambazo jina lao kwenye kisanduku linaishia na «olol», kama propranolol, atenolol na metoprolol, zinapunguza mbio ya moyo. Ni dawa nzuri. Lakini malaria haichagui mutu: inamupata na mwenye tansio. Hapo ndipo tufungue macho.

Meflokini pamoja na dawa ya «olol» inaweza kuchelewesha moyo kupita kipimo. Lumefantrini, iliyo ndani ya Coartem, inazuia ini kuvunja metoprolol, na nguvu ya dawa inazidi katika damu. Kinini nayo inaweza kushusha sukari ya damu. Kwa kawaida mugonjwa angejua: moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Dawa ya «olol» inaficha alama hizo. Inabaki jasho tu, na asiyejua atasema: «Vizuri, homa inashuka.» Kumbe mutu anaelekea kuzimia.

Wa ofisini akipata kizunguzungu, yuko kwenye kiti. Wewe uliye juu ya ngazi, au unayeongoza kamiyo, utaangukia wapi? Na nani atakuwa chini yako?

Wengine wanasema: «Niache ya tansio mpaka malaria iishe.» Hapana! Kuiacha kwa ghafula kunaweza kuumiza moyo, hata kuua. Wengine wanaacha ya malaria. Malaria kali inaua kwa siku chache. Usiache hata moja kwa akili yako mwenyewe. Munganga ana njia za kuchagua. Kwa mufano, sindano ya artesunati, ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri tangu 2006 kwa watu wazima wenye malaria kali, haishushi sukari kama kinini.

Lakini munganga atachagua namna gani ikiwa unamuficha? Tunajua sababu: unaogopa kuondolewa kwenye mashini, na watoto wanangoja chakula. Tunakuelewa. Hata hivyo, siri hiyo hailindi kazi yako, inakutayarishia ajali.

Na ninyi wakubwa wa kazi, musiazibu mutu aliyesema kweli. Apewe kazi ya chini siku za dawa, kisha arudie mahali pake. Mukimufukuza mumoja, kumi watanyamaza.

Basi, shika haya:

– Ukienda kupimwa malaria, beba visanduku vyote vya dawa, hata vya kununua sokoni.

– Umutajie infirmye dawa ya tansio mbele ya kupokea dawa ya malaria.

– Ukisikia kizunguzungu, jasho baridi au moyo kupiga polepole, simamisha kazi, keti chini, ita mwenzako.

Maneno mawili mbele ya infirmye si haya. Sema!