Simbi Nyaima Haihitaji Ruhusa ya Paris

Kila msimu wa mashindano ya kwaya, Migori na Homa Bay, nasikia hoja ileile: nyimbo zetu ni za kukatia kiuno, muziki mzito ni wa Wazungu. Naikataa hoja hiyo, na shahidi wangu ni Mzungu mwenyewe.

Mwaka 1827 Hector Berlioz alitazama tamthilia za Shakespeare jijini Paris, zikiigizwa kwa Kiingereza, lugha ambayo karibu hakuijua kabisa. Mwaka 1838 Paganini, bingwa wa fidla, akamzawadia faranga 20,000. Akalipa madeni, akaketi kutunga Roméo et Juliette, simfonia ya kwaya iliyosikika mara ya kwanza Novemba 1839. Kwa Kifaransa, si Kiingereza! Na humo Romeo na Juliet hawaimbi hata neno moja. Mapenzi yao yanasemwa na ala. Kwaya inabeba ugomvi wa koo mbili, hadi mtawa Laurence awapatanishe juu ya maiti.

Kwani orutu haiwezi kusema hivyo? Uzi mmoja tu, lakini ukiusikia usiku matangani unajua kuna mtu analia. Nyatiti ina nyuzi nane. Kwaya zimejaa, za Waadventista na za shule. Na janga tunalo, karibu na Kendu Bay: ajuza anafukuzwa karamuni, mama mmoja tu anampokea, mvua inashuka, kijiji kizima kinazama. Hapo pana kwaya ya walevi, sauti moja ya huruma, kisha kimya cha ziwa. Berlioz angetaka nini zaidi?

Wataniambia pesa hakuna. Bana, za mahema na spika za mikutano ya siasa hutoka wapi? Wengine watasema tutaharibu hadithi ya wazee. Shakespeare naye aliitoa yake kwa Waitaliano, na haikuharibika.

Kinachoharibika ni mtoto wa Karungu au Mbita anayefundishwa kulilia kaburi la Verona kwa sauti nne, huku msiba wa kwao ukipewa dakika chache za kuchekesha majaji. Huyo anajifunza kwamba huzuni ya kwao ni ndogo.

Basi, mwalimu wa kwaya, mwakani usiniletee tena Verona. Niletee yule ajuza, amesimama mlangoni, mvua imeanza.