Mhariri wa Filamu Hanunuliwi Pamoja na Mashine

Visiwa vya Unguja na Pemba si vigeni wa sinema. Televisheni ya rangi iliingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika, na Tamasha la Filamu la Kimataifa lilianza Unguja mwaka 1998. Hata hivyo mtazamaji humsifu mwigizaji, wala hamkumbuki mhariri, yule anayeketi na saa nyingi za picha akaamua kipi kibaki na kipi kitupwe, hata hadithi ikasimama.

Kazi hii ina ngazi. David Lean aliingia studio ya Uingereza miaka ya 1920 akiwa mtumishi wa chai. Akapanda hadi kuhariri filamu za habari, kisha za hadithi, na mwaka 1942 ndipo alipoanza kuongoza. Filamu yake, Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, ilihaririwa na Anne V. Coates, aliyetunukiwa Oscar kwa kazi hiyo. Bibi huyo naye alianza kwa kukarabati kanda za filamu za dini.

Zamani msaidizi aliketi ubavuni mwa mhariri, akiunga kanda na kusikia kwa nini kipande fulani kimekatwa. Kompyuta zimeurahisisha mkono, lakini mara nyingi zimemwondoa mwanafunzi karibu na mwalimu wake. Leo kijana wa Wete au Makunduchi aweza kukata picha kwa simu. Lakini kujua kubonyeza si kujua kuchagua.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kipaji atajifundisha mwenyewe. Kipaji hatukikatai. Lakini hata mchonga milango wetu hakukabidhiwa patasi akaachwa peke yake. Alikuwa kwanza mwanagenzi.

Kwa hiyo twawasihi wakuu wanaohusika: kila filamu inayogharimiwa kwa fedha za umma ichukue angalau mwanagenzi mmoja wa uhariri, apandishwe cheo kwa kazi aliyoikamilisha, si kwa cheti pekee, na jina lake lionekane mwishoni mwa filamu. Wazazi nao wasiidharau kazi hii kwa kuwa hufanyika chumbani, mbali na macho ya watu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tusipowalea wahariri wetu, visa vya visiwa hivi vitaendelea kupangwa na watu wasiovijua.